Kiongozi Aliyetazama Nyuma

Majirani wa Mabwerebwere, huko Kilosa, hawakuielewa vizuri kazi ya Deogratias. Walimwona akiondoka asubuhi na pikipiki kubwa iliyopakiwa mabegi pembeni, anarudi baada ya wiki akiwa mwekundu kwa vumbi, wakasema, "Deo katoka kutembea." Mkewe, Upendo, aliyekuwa akiuza vitenge na madaftari kwenye kibanda mbele ya nyumba, alikwisha kuchoka kuwaeleza. Wapo watu wenye uwezo wao, wengi wa Dar es Salaam, wanaoilipa kampuni ya Morogoro ili wazungushwe nchi kwa pikipiki: leo Dodoma, kesho Kilosa na Mikumi, kesho kutwa Iringa, hivyo hivyo mpaka Mbeya. Mtu wa kuwatangulia barabarani ndiye Deo.

Alizaliwa Kidete, kule reli inakoshikana mikono na mto Mkondoa. Baba yake alikuwa kibarua wa njia ya reli. Kila masika alitembea kwa miguu juu ya mataruma kuangalia kama maji yameila ardhi chini ya vyuma, na mama yake Deo hakupika chochote mpaka amwone mumewe anarudi. Deo alikulia ndani ya nyumba hiyo ya kusubiri. Alipokua alihamia Kilosa mjini, akaendesha bodaboda, akajifunza ufundi wa pikipiki, na siku moja akamtengenezea pikipiki mama mmoja aliyekwama njiani kuelekea Dumila. Mama huyo aliitwa Beatrice, na kampuni ilikuwa yake. Deo alimpakia nyuma kuijaribu, mama akaona anavyokata kona bila papara, akamwambia, "Wewe unafaa kutangulia."

Kutangulia kuna ugumu ambao mtu wa nje hauoni. Msafara wa pikipiki unavutika kama mpira. Kichwa kikiongeza mwendo kidogo tu, mkia unalazimika kukimbia sana ili ufikie, na mtu wa mkiani mara nyingi ndiye asiyejua kukimbia. Kichwa kikipunguza mno, wenye damu moto wanaanza kupitana wao kwa wao, na hilo ni baya zaidi. Kwa miaka kadhaa Deo alilipatia jambo hili bila kulifikiria, kama mtu anavyopatia chumvi ya mboga.

Kisha ikaja safari moja ya kiangazi. Kwenye mteremko mmoja wa huko Iringa, mzee mmoja mstaafu alianguka nyuma ya wote. Siku hiyo gari la mizigo, ambalo kwa kawaida hufuata mwisho, lilikuwa limetangulia kutafuta mafuta, kwa hiyo hapakuwa na mtu nyuma yake. Walikwenda mbali kabla ya kugundua. Waliporudi walimkuta amekaa kwenye mtaro, mguu umevunjika, koo limekauka kwa kuita. Mzee hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Nilidhani mmenisahau."

Mguu wa mzee ulipona, lakini Deo hakupona. Toka siku ile hakuweza kuendesha bila kutazama vioo vya pembeni. Akitazama akaona taa zote za wenzake, moyo unatulia kwa muda wa kupita nguzo mbili tatu za umeme, halafu unaanza tena. Usiku alisaga meno. Upendo alipanda nyuma yake mara moja kwenda Msowero kwa shemeji yake, na waliposhuka alimwambia, "Baba Hepi, unaendesha huku umegeukia nyuma. Ipo siku utalivaa la mbele."

"Vioo ni vya nini?" Deo alijibu.

Siku ninayotaka kuisimulia, msafara ulitoka Dodoma alfajiri, ukapita Dumila na Msowero, ukaingia Kilosa mchana kwa chakula. Wageni walikuwa wanane. Wawili kati yao Deo alikuwa amewashika kichwani toka siku ya kwanza. Mmoja ni Evance, kijana wa kampuni ya bima, mwendeshaji mzuri kweli kweli na mwenye kujijua kuwa ni mzuri. Wa pili ni Editha, mama wa makamo mwenye duka la mikate Tabata, aliyejifunza pikipiki baada ya wanawe wote kuondoka nyumbani. Editha alikuwa wa mwisho kila mahali. Hakuona haya. "Sikuja kushindana," alisema, "nimekuja kuiona nchi."

Walikuwa bado wanakula wali na kuku wakati Evance alipomgeukia Deo mbele ya wote. "Kiongozi, usinielewe vibaya, bro. Ila tunakwenda kama tunasindikiza maiti."

Watu walicheka. Hata Editha alicheka. Deo naye alicheka, na kabla hajameza tonge lake simu ikaita. Alikuwa Beatrice.

"Deo, jana mmeingia Dodoma giza limeshashika. Wageni wananiandikia huku. Kuna nini?"

"Tulikuwa tunamsubiri mtu, dada."

"Kila siku mnamsubiri mtu. Leo naomba muingie Mikumi mapema. Unajua mwenyewe jua likishazama ile njia ni ya tembo. Sitaki wageni wangu wawe porini muda huo."

Deo alirudi mezani akiwa amebanwa huku na huku. Akienda taratibu, jioni itamkuta njiani na tembo. Akienda haraka, mama wa mikate atabaki nyuma. Alijaribu kuyapima mawili hayo wakati anavaa glavu, na kila alipoliinua moja, lingine liliongezeka uzito. Mwishowe alichagua kukimbia kidogo. Kidogo tu, alijiambia.

Barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi siku zile ilikuwa na vipande vilivyochimbuliwa, vifusi pembeni, na vumbi la kuingia mpaka kwenye mswaki wako ulio ndani ya begi. Deo alikaza mwendo. Nyuma yake Evance alipiga honi mara mbili kwa furaha. Wengine wakafuata, na nyuma kabisa Lupakisyo, dereva wa pikapu ya mizigo, mtu wa Tukuyu asiyesema mpaka aulizwe. Vumbi lilisimama kama ukuta. Katika vioo Deo aliona taa ya Evance, ya yule aliyemfuata, na nyingine mbili za kufifia. Zaidi ya hapo aliona vumbi tu.

Walipokaribia kijiji kiitwacho Ulaya alianza kuzihesabu taa. Alipunguza, akatazama. Akaongeza, akatazama. Taa ya Editha alikuwa akiitambua kwa sababu ilielekea juu kidogo, na sasa hakuiona kabisa. Akamwona mzee wa Iringa kwenye mtaro. Akaukazia macho ukuta ule wa vumbi ndani ya kioo, akiusihi ufunguke, na alipoyarudisha macho mbele barabara nzima ilikuwa ng'ombe.

Alishika breki zote. Kokoto zikamponyoka chini ya tairi, pikipiki ikalala ubavu, ikateleza na yeye juu yake, halafu yeye peke yake. Aligota kwa bega. Alisikia kitu kikilia ndani ya mwili wake kama kuni kavu inayovunjwa gotini.

Alipofumbua macho, ng'ombe mmoja mweupe alikuwa anamnusa helmeti. Juu ya ng'ombe, mbali, kulikuwa na uso wa mzee wa Kimasai mwenye fimbo.

"Shikamoo, mzee," Deo alisema akiwa chali.

"Marahaba. Inuka kwanza, ndipo usalimie."

Mzee yule aliitwa Moringe. Yeye na Evance walimkalisha Deo, wakaivuta pikipiki kando. Ng'ombe walikuwa salama wote, na mzee hakutukana wala kudai. Aliutazama usukani uliopinda, akalitazama bega la Deo lililoshuka, akatikisa kichwa. "Na huko mbele mjiangalie," alisema. "Leo tembo hawajalala. Asubuhi walikuwa kwenye mahindi ya watu, wamefukuzwa, wana hasira."

Wenzao walifika mmoja mmoja na kuzima injini. Pikapu ikafika. Mbele yake tu, kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani, akafika Editha, mzima wa afya, hata jasho hana.

"Ulikuwa wapi?" Deo alimuuliza. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia.

"Nilikuwa naacha vumbi lenu lishuke," Editha alisema. "Nilikuwa sioni. Umefanya nini, baba?"

Deo alimwonyesha bega kwa kidevu. Editha alitoa khanga kwenye begi lake, akamfunga mkono kifuani vizuri, akambana bega kwa upole, naye Deo akauma meno. Alikuwa ameanguka akimtafuta mtu asiyepotea. Jambo hilo lilimuuma pamoja na mfupa, asijue kipi ni kipi.

Lakini jua lilikuwa linashuka, na hapakuwa na muda wa kulisikitikia. Pikipiki yake ilipandishwa kwenye pikapu. Simu zilikuwa hazishiki mtandao. Ikabaki swali moja, na Evance ndiye aliyelitaja.

"Niachie mimi mbele, bro. Hii njia nilishapita mwaka juzi. Nawafikisha Mikumi kabla chai haijapoa."

Deo aliwatazama. Aliona macho ya watu waliochoka na kuogopa, wanaotaka kufika tu, ambao wangemfuata yeyote atakayekimbia. Aliona jinsi mpira ule utakavyovutika: Evance mbele akiruka mashimo, wengine nyuma wakijilazimisha, Editha mkiani akiachwa mbali, jioni, na tembo wenye hasira vichakani.

"Mama Editha atatangulia," alisema.

"Mimi?" Editha aliweka mkono kifuani.

"Njia ni moja mpaka kwenye lami, huwezi kupotea. Nenda mwendo wako ule ule, usiongeze hata kidogo. Evance, wewe utakuwa wa pili. Usimpite."

"Tutafika kesho!"

"Tukifika kesho, tutakuwa tumefika."

Evance alipiga teke kokoto, lakini alivaa helmeti yake.

Hivyo ndivyo Deogratias alivyojikuta nyuma kabisa ya msafara wake mwenyewe, ndani ya pikapu, mkono kifuani, kila shimo likimchoma begani kama msumari. Toka siku ile ya Iringa alikuwa akihofia kisichoonekana nyuma. Sasa kisichoonekana kilikuwa mbele, na hakuwa na kioo cha kukiangalia. Aliona mgongo wa mwendeshaji wa mwisho na taa yake nyekundu tu. Lupakisyo alikuwa akivumisha wimbo wa kanisani kwa pua.

Mara tu walipoondoka, alianza kujuta. Kwa nini amemweka mama wa watu mbele? Evance angalau ana mikono myepesi, angeweza kugeuza ghafla. Editha akikutana na mnyama atafanya nini? Atapiga kelele? Ataanguka? Na wanawe wako wapi, wataelezwaje? Alitaka kumwambia Lupakisyo apige honi wasimame, abadilishe mpango. Kisha akaona kubadilisha ndiko kutakakowavuruga zaidi. Akaiacha honi.

"Wanakwenda vizuri," Lupakisyo alisema bila kuulizwa, na kwa jinsi alivyokuwa mzito wa maneno, hilo lilimtia Deo wasiwasi zaidi.

Vijiji vilipungua, miti ikasogea barabarani. Mwanga ulikuwa umekuwa wa manjano. Walipofika mahali barabara inapojipinda kuingia kwenye bonde dogo, taa nyekundu ya mwendeshaji wa mwisho iliwaka, ikabaki imewaka. Amesimama. Mbele yake, nyuma ya kichaka, injini zikaanza kuzimwa, moja, nyingine, nyingine, mpaka pori likawa kimya kabisa. Lupakisyo naye akazima, na wimbo wake ukakatika.

Deo alishika kitasa cha mlango. Lupakisyo akamshika shati upande usioumia. "Ukitoka, nani atakubeba?"

"Nione tu."

"Utaona nini? Kaa."

Akakaa. Kushoto, si mbali, tawi kubwa lilivunjika. Kisha kimya. Kisha, kutoka upande wa mbele wa kona, injini moja iliwashwa ghafla na kunguruma, na Deo aliifahamu kwa mlio wake. Ya Evance. Anaondoka. Anataka kupita. Deo alifungua mdomo kupaza sauti, na papo hapo ukaja mlio mwingine, mrefu, wa juu, uliopita ndani ya mabati ya pikapu na ndani ya mfupa wake uliovunjika. Tembo. Mwendeshaji wa mwisho aliinama juu ya tangi lake kama mtu anayepigwa mawe.

Injini ya Evance ilizimika.

Deo alijua kusubiri. Alilelewa katika kusubiri. Lakini alikuwa hajawahi kusubiri hivi. Alisikiliza mpaka masikio yakaanza kutengeneza sauti yenyewe: mtu akilia, chuma kikikanyagwa. Alijaribu kusali akakuta anayarudia majina ya wageni tu, mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu anayeita mahudhurio darasani. Alipofika kwa Editha alirudia mara mbili. Lupakisyo alikuwa amefumba macho, mikono yote kwenye usukani.

Kisha injini moja ikawaka, taratibu. Ikafuata nyingine. Taa nyekundu mbele yao ikazimika, mwendeshaji wa mwisho akasogea. Pikapu ilipoimaliza kona, Deo aliona matawi yaliyotawanyika barabarani, kinyesi kinachofuka mvuke, na mbele, katika mstari, pikipiki zote zikipanda upande wa pili wa bonde kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani.

Waliingia Mikumi jua likiwa halijamaliza kuzama. Deo alipelekwa kwenye zahanati moja, akaambiwa mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, umevunjika, akafungwa. Evance ndiye aliyekuja kumweleza yaliyotokea. Alisimama mlangoni, hakuingia mara moja.

"Alikuwa mtoto," alisema. "Mtoto wa tembo, pembeni pale pale. Mama Editha alisimama mbali, akainua mkono, akazima. Kwa ule mwendo wake alikuwa na muda wa kumwona. Mimi nikaona tunakaa hapo kama maboya, mama yake atatokea. Nikawasha ili nipite chapu." Alitandaza viganja pembeni mwa kichwa. "Akatokea, bro. Masikio hivi. Mama Editha hata hakugeuka. Alinishushia kiganja tu kwa nyuma, hivi, kama anamtuliza mtoto. Nikazima. Nilikuwa naondoka, unaelewa? Nilikuwa nimeshaingiza gia."

Deo alitaka kumkaripia. Badala yake alisogea kidogo kitandani, na Evance akaingia, akaketi kando yake.

Beatrice alipopata simu, kwanza alimshukuru Mungu. Kisha aliuliza, "Nani aliongoza?"

"Mgeni, dada. Yule mama Editha."

"Umempa mgeni aongoze msafara wangu."

"Ndiyo."

"Pona kwanza. Tutaongea."

Maneno hayo Deo alilala nayo, kama unaweza kuita kulala.

Asubuhi Upendo alishuka kwenye basi la kwanza kutoka Kilosa na chupa ya uji. Alimkagua mumewe kuanzia nyweleni mpaka kwenye vidole, na alipoona vimetimia alianza kumfokea, akamfokea mpaka machozi yakamtoka, kisha akammiminia uji. Walikuwa hapo wakati Editha alipokuja kuaga. Kiongozi mwingine alikuwa ameshafika kutoka Morogoro, kijana ambaye Deo hakuwahi kumwona akiendesha.

"Ametuuliza nani ni wa taratibu," Editha alisema. "Nikainua mkono. Kaniweka nyuma kabisa."

Deo alikiweka chini kikombe cha uji. "Nitaongea naye."

"Uongee naye kwa mkono upi? Tulia, baba. Evance kasema atakuwa nyuma yangu mpaka Mbeya. Kanikatalia hata kubishana."

Baada ya kitambo injini zikawaka barabarani. Deo alizisikiliza zikiondoka kuelekea Iringa, akajua kwa sauti tu kwamba kijana yule anakimbia mno. Upendo alikuwa akimsemesha, hakumsikia. Siku nzima aliiweka simu kifuani. Kila ilipotetemeka aliishika kwa papara na kujitonesha, na kila mara alikuwa mtu mwingine: jirani, shemeji, mtu wa vocha. Ilikuwa alasiri ndipo Lupakisyo alipopiga.

"Tumefika," alisema, kisha, kwa kuwa alimjua mtu wake, akaongeza, "Wote. Yule mama kafika na kijana wake."

Deo aliitua simu, akalala papo hapo, mdomo wazi, huku Upendo akimfukuzia inzi.

Mfupa ulichukua muda kuunga, na ukaunga na kinundu. Beatrice alimweka benchi mpaka baada ya masika, akamwita Morogoro, akamsema alivyotaka kumsema, halafu akamrudishia funguo. Hakumwambia kwamba alifanya vizuri, na Deo mwenyewe hakuwa na hakika. Mara nyingi alipokuwa akifunga boliti gereji alijiuliza ingekuwaje kama mama yule angekuwa mwepesi wa kushtuka, na boliti ikabaki mkononi.

Safari yake ya kwanza baada ya hapo ilianzia Dodoma. Kabla ya kuondoka aliwakusanya wageni, akawauliza nani kati yao anajiona ni wa taratibu kuliko wote. Walitazamana. Hakuna aliyetaka. Mwisho mzee mmoja mnene, mwenye jaketi jipya linalombana, alinyoosha kidole nusu nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika ya jibu.

"Karibu hapa," Deo alimwambia, akamwonyesha nafasi iliyo nyuma yake mwenyewe, ya kwanza. "Mwendo wako ndio mwendo wetu."

Akawasha pikipiki. Akamtazama mzee kwenye kioo cha pembeni. Akaingiza gia, wakaondoka.